Kupunguza mwili ukiwa mwanafunzi na ratiba haitabiriki: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Naandika hii kwa sababu wadogo zangu wa chuo wananijia na kesi ile ile kila muhula. "Dada nlianza vizuri Jumatatu, Jumatano ratiba ikavurugika, nkaacha." Anaanza tena mwezi unaofuata, anaacha tena, alafu anajiona hana msimamo. Mie nakataa kabisa kuwa tatizo ni msimamo. Mpango mnaoufata umeandikwa kwa mtu anaeamka saa ile ile kila siku na kula saa ile ile kila siku, na nyinyi Jumatatu mna kipindi saa 2 asubuhi, Jumanne saa 8 mchana, Jumatano usiku inaingia meseji kwenye grupu kuwa kipindi kimehamishwa Jumamosi. Mpango wa saa hauwezi kuishi katika maisha hayo hata siku tatu.

Nlisoma chuo Tunguu, hapa Unguja, nkitokea Bububu, gari mbili kwenda na mbili kurudi. Natoka baada ya Alfajiri na kikombe cha chai cha sukari tu, mchana maandazi mawili na soda, narudi Isha nna njaa ya kutetemeka mikono, nakula sahani mbili za wali alafu nalala hapo hapo. Nilinenepa huku naamini kuwa mie mtu wa kula kidogo. Njia nnayoieleza hapa ndio ilonitoa, kilo 7 kwa miezi minane, polepole, na hazikurudi.

## Nani asianze peke yake

Kama una mimba au unanyonyesha, una kisukari na unatumia dawa au sindano, una vidonda vya tumbo, presha ya kutumia dawa, au una chini ya miaka 18, nenda kituo cha afya kwanza uzungumze nao. Na wewe uliewahi kupita siku za kujitapisha makusudi au kuogopa chakula, tafadhali usianze na mambo ya kupima kilo, anza na daktari.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Futi ya fundi cherehani, ile yenye sentimita.
- Mizani. Huna haja ya kununua, famasi nyingi na vituo vya afya vinayo, ila utumie ile ile kila mara.
- Daftari dogo au sehemu ya kuandika kwenye simu.
- Chupa ya maji ya lita 1.
- Mabakuli mawili yenye mifuniko ya kubana kweli, sio ile inayomwaga mchuzi juu ya vitabu.
- Sahani yako mwenyewe, ya ukubwa wa kawaida.
- Kijiko cha chai na kijiko cha chakula, hivi ndio vipimo vyako.
- Mayai, karanga za kukaanga bila mafuta, na kunde au choroko kavu kilo moja.
- Viatu vya kutembelea visivyokubana.

Hakuna chai ya kupunguza tumbo hapo, hakuna vidonge, hakuna mkanda. Ya chai na vidonge nitaeleza kwa nini huko chini.

## Hatua ya 1: Pima mara moja, andika, weka lengo dogo

Pima asubuhi kabla hujala, baada ya kwenda chooni. Kiuno kipime katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, pumua nje kawaida, usivute tumbo ndani, maana hapo unajidanganya mwenyewe. Kwa mwanamke kiuno kikizidi sentimita 80, na mwanamme kikizidi 94, hatari ya kisukari na maradhi ya moyo inaanza kupanda.

Alafu gawa kilo zako kwa urefu wako wa mita ulozidishwa wenyewe kwa wenyewe. Mfano kilo 78, urefu mita 1.60: 1.60 mara 1.60 ni 2.56, na 78 ukigawa kwa 2.56 unapata 30.5. Kati ya 18.5 na 24.9 ni uzito wa kawaida, kuanzia 25 umezidi, kuanzia 30 ni unene wa kuushughulikia. Ukipata 22 na unataka kupungua kwa sababu ya picha za watu kwenye simu, nakuomba uishie hapa hapa, huna cha kupunguza, fanya mazoezi tu.

Lengo la mwanzo liwe asilimia 5 ya uzito wako. Kwa mtu wa kilo 78 hizo ni kilo 4 kasoro kidogo, kwa miezi mitatu. Najua unaona ndogo. Lakini kati ya asilimia 5 na 10 ndipo presha na sukari mwilini vinapoanza kuwa bora kwa mtu aliezidi uzito, na kasi ya nusu kilo mpaka kilo moja kwa wiki ndio mwisho wa usalama. Harusi ya binti ammi yako wiki tatu zijazo isikufanye utake kilo 10, maana ukikimbia hivo unapoteza maji na nyama za mwili pia, yani misuli, na kilo zinarudi.

Umefaulu hatua hii ukiwa na namba tatu kwenye daftari: kilo, kiuno, na lengo.

## Hatua ya 2: Siku nne za kuandika bila kubadilisha kitu

Watu wanairuka hii, na ndio maana wanashindwa. Kwa siku nne kula kama unavyokula, ila andika kila kitu kinachoingia mdomoni na wakati gani, hata kashata ya kwenye kahawa, hata bajia moja ya rafiki. Chagua siku ambazo hazifanani, mbili za vipindi, moja ya nyumbani, moja ya Ijumaa au ya shughuli.

Sababu ni kuwa kila mtu ana tundu lake na hulijui mpaka ulione limeandikwa. Nlimkalia mdogo wangu mmoja na daftari lake, yeye alikuwa anaamini tatizo ni wali. Tukahesabu chai: vikombe vinne kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari. Vijiko 12. Kijiko kimoja kina gramu 4 hivi, kwa hiyo karibu gramu 48 kwa siku, na Shirika la Afya Duniani linasema ukiweza usizidishe kama gramu 25 za sukari ya kuongezwa. Hapo hatujagusa soda, ambayo chupa moja ya mililita 350 ina kama vijiko 8 au 9 peke yake. Wali wake ulikuwa hauna kosa kubwa hata kidogo.

Ukimaliza siku nne, zungushia duara vitu vitatu tu vinavyojirudia. Matatu, sio kumi. Kwa wengi wetu ni sukari ya kwenye chai, vitu vya kukaanga vya njiani, na sahani kubwa ya usiku.

## Hatua ya 3: Acha saa, shika sala

Hii ndio hatua yenyewe, isome mara mbili.

Ratiba ya chuo inavunjika, ya gari inavunjika, umeme unakatika. Kitu kimoja ambacho Unguja na Pemba hakivunjiki ni adhana. Na kwa kuwa visiwa vyetu viko karibu na ikweta, nyakati za sala hazihami sana mwaka mzima, tofauti na nchi za mbali ambako Magharibi inaweza kuruka masaa. Kwa hiyo usijiwekee "ntakula saa 7 mchana", jiwekee hivi:

Baada ya Alfajiri, kabla hujatoka mlangoni: chai ya asubuhi yenye kitoweo ndani yake. Mayai mawili na kipande cha boflo, au kunde za jana na muhogo wa kuchemsha, au kibua kilichobaki usiku na mkate wa ufuta nusu. Sukari kwenye chai kijiko kimoja. Usitoke na chai tupu.

Kati ya Adhuhuri na Alasiri: chakula kikubwa cha siku. Hapo una masaa matatu na zaidi, kipindi chochote kikihamishwa bado utapata robo saa ndani yake.

Kati ya Magharibi na Isha: chakula cha usiku, kidogo kuliko cha mchana.

Baada ya Isha: jiko limefungwa. Maji, chai ya rangi bila sukari, basi.

Mtu asiesali anaweza kushika vitu vyake visivyohama, kuamka, kupanda gari ya kwanza, jua kuzama. Kanuni ni ile ile, chakula kifungwe kwenye tukio sio kwenye namba ya saa.

Kwa nini chakula cha asubuhi nakisisitiza kwa watu wa ratiba hizi wakati wengine wanaishi vizuri bila hicho? Kwa sababu nyinyi hamjui mchana wenu utakuwaje. Mtu wa nyumbani akiruka asubuhi anajua saa 6 atakula. Wewe ukiruka unaweza kushtukia ni Magharibi hujala kitu, na njaa ya siku nzima haikubali ushauri wa mtu.

Onyo: ukichelewa ukafika nyumbani baada ya Isha hujala, kula. Kula ile sahani ya Magharibi, ile ile, usiizidishe na usilale na njaa kwa kujiadhibu. Mwili wa kesho asubuhi utakudai.

Utajua imekaa vizuri pale wiki mbili zikipita na njaa ya kutetemeka imeondoka, hata kama kilo hazijashuka bado.

## Hatua ya 4: Sahani, na balaa la sinia

Sahani yako igawe kwa macho. Nusu mboga, yani mchicha, mtoriro, bamia, mabilingani, kachumbari ya tungule na matango. Robo kitoweo, ukubwa wa kiganja chako bila vidole. Robo wanga, ukubwa wa ngumi yako. Kikombe kimoja cha wali mtupu kina kalori 200 hivi, na sahani ya wali tunayopakuliana sisi ina vikombe vitatu bila mtu kushtuka.

Kitoweo tunacho cha kutosha, alhamdulillah. Vibua, dagaa, pweza, ngisi, yote yana protini nyingi, na protini ndio inakushibisha muda mrefu na kulinda nyama za mwili wakati mafuta yanapungua. Siku za pesa kukata, kunde, choroko, mbaazi na maharage vinafanya kazi hiyo hiyo na vinakaa tumboni.

Sasa nazi. Sisemi mtu aache nazi, huo ni uchokozi. Ila jua kuwa tui la kasimile, lile zito la kwanza, lina mafuta mengi na mafuta yana kalori zaidi ya mara mbili ya wanga kwa uzito ule ule. Pika mchuzi kwa tui la pili, jepesi, na mwisho kabisa tia vijiko viwili vya kasimile kwa harufu na ladha, koroga, epua. Nyumbani kwetu nlifanya hivo mwezi mzima hakuna alieuliza kitu. Mafuta ya kukaangia pima kwa kijiko cha chakula, kijiko kimoja ni kalori 120 hivi, usimimine kutoka kwenye dumu moja kwa moja maana mkono hauna kipimo. Samaki mchome au mchemshe mara nyingi kuliko kumkaanga.

Sinia ndio mtihani. Mkila watu watano kwenye sinia moja huwezi kujua umekula kiasi gani, mkono unakwenda na mazungumzo, na mtu akinyanyuka mwanzo anaonekana kajitenga. Njia zilonifaa mie ni hizi. Kabla ya kukaa nanywa glasi ya maji na nakula bakuli dogo la kachumbari jikoni. Nakaa na wenzangu, nabismilahi, nakata eneo langu mbele yangu kwa jicho na silivuki. Natafuna polepole, nakuwa mtu wa kuhudumia, kuwakatia wengine samaki, kuwasogezea pilipili na ndimu. Nikimaliza eneo langu naosha mikono lakini nakaa pale pale mpaka wote wamalize. Hakuna alievunjiwa heshima.

Na mama au bibi akisema "Mbona hushiki kitu mwanangu, umekonda, kula", usianze kumpa somo la kalori. "Ahsante bibi, nshashiba, chakula kitamu, naweka cha kesho." Alafu kweli kiweke kwenye bakuli, ndio chakula chako cha mchana wa kesho hicho.

## Hatua ya 5: Mfuko wa njaa

Kila usiku kabla ya kulala, hata ukiwa umechoka vipi, andaa mfuko mdogo wa kutoka nao. Inachukua dakika kumi. Ndani yake mayai mawili ya kuchemsha na maganda yake, ngumi moja ya karanga au korosho, tunda moja (ndizi, chungwa, pera, lolote la msimu), na chupa ya maji ilojaa. Siku ndefu ongeza bakuli la kunde zilopikwa bila nazi zenye kitunguu na ndimu.

Sababu yake ni kituo cha gari. Unashuka Darajani au Kwerekwe una njaa, mbele yako kuna maandazi, sambusa, katlesi, juisi ya miwa, vyote vinanukia, vyote rahisi. Mtu mwenye njaa ya masaa sita hana uamuzi pale. Mtu alietoka kula yai na ndizi ndani ya gari anapita na kusalimia tu.

Onyo la joto letu: chakula kilopikwa kikikaa nje zaidi ya masaa mawili kinaanza kuwa na hatari, na mchuzi wa nazi unachacha haraka kuliko vyote. Kwa hiyo vilivyopikwa usiku vilaze kwenye friji mpaka unatoka, mayai usiyamenye mpaka wakati wa kula, yale mapema asubuhi ile ile, na bakuli la kunde kama hakuna friji unapokwenda lile kipindi cha kwanza kikiisha, usilibebe mpaka Alasiri. Karanga na matunda ndio vya mchana. Kikinuka vibaya mwaga.

Maji vilevile. Kiu inaweza kujifanya njaa, khasa ukiwa umetoka juani. Dafu moja mara moja moja ni zuri, juisi ya miwa na juisi za sukari ni soda kwa jina jengine.

## Hatua ya 6: Siku zinazovunja watu

Siku ya urojo. Urojo wenyewe sio adui, mpangilio wa bakuli ndio shughuli. Nenda kwa muuzaji wako mapema kabla hujafa njaa, na umwambie kwa ukunjufu: "Shoga, nitilie mshkaki miwili na yai, mbatata kidogo, bajia moja, chipsi za muhogo usitie, chatine kijiko kimoja." Umebaki na ukali wake wote, ndimu yake na embe yake, ila umepunguza vitu vya kukaanga. Huo ndio mlo wako wa usiku, sio kionjo kabla ya wali. Hapo watu wengi wanakosea, wanakula urojo Alasiri alafu wanafika nyumbani wanakula kama hawajala.

Siku ya shughuli, harusi, hitma, maulidi. Asubuhi kula kama kawaida, usijikaushe na njaa kwa kuisubiri biriani. Kula sahani moja, anza na nyama na kachumbari, soda badilisha na maji. Kesho yake rudi kwenye milo yako ya nyakati za sala kama kawaida. Siku moja haikunenepeshi, kinachokunenepesha ni ile wiki nzima unayojiachia kwa kusema "nshaharibu".

Wiki ya mitihani nakuruhusu usipungue. Lengo la wiki hiyo ni uzito ubaki pale pale. Shika asubuhi na mfuko wa njaa, mengine yaachie. Ila usiku wa kukesha usikeshe na biskuti na vinywaji vya kuongeza nguvu, vina sukari nyingi na vinakuibia hata ule usingizi mdogo ulobaki. Njaa ikikukamata usiku wa manane nusu bakuli la mtindi bila sukari au yai moja linatosha.

Wale wa fildi kwenye mahoteli ya Nungwi, Kiwengwa na Paje, mnaofanya zamu za usiku, nyinyi nanga yenu ni kuamka. Saa lisizidi limoja baada ya kuamka ule mlo wa kwanza, wa pili katikati ya zamu, wa tatu mdogo kabla ya kulala. Chakula cha wafanyakazi kikiwa cha kujipakulia anza upande wa mboga, sahani ikijaa mboga nafasi ya wali inajipunguza yenyewe.

## Hatua ya 7: Mwendo wa vipande vipande

Mtu mzima anahitaji angalau dakika 150 za mwendo wa nguvu kiasi kwa wiki. Ukisikia 150 unaona huna muda, lakini hazihitaji kufanywa kwa mkupuo. Dakika kumi mara tatu kwa siku, siku tano, umemaliza.

Shuka kituo kimoja kabla ya chako. Ukishuka Darajani na unakwenda Vuga, tembea, usitafute gari ya pili. Tembea kwa kasi ya mtu aliechelewa, uweze kuzungumza lakini usiweze kuimba. Jioni viwanja vya Maisara vina watu wengi wa mazoezi, na mitaa mingi ina vikundi vyake vinavyokimbia asubuhi na mapema, waulize tu wanakutana wapi.

Dada zangu mnaoona uzito kufanya mazoezi barabarani, chumba kinatosha. Kuchuchumaa na kuinuka mara 12, kusukuma ukuta kwa mikono mara 12, kulala chali na kunyanyua kiuno mara 12, pumzika, rudia mara tatu. Mara mbili kwa wiki. Hii inalinda nyama za mwili zisiondoke pamoja na mafuta, na sababu hiyo watu wengi hawaijui, wanatembea tu mpaka wanakuwa wepesi lakini dhaifu.

Magoti yakiuma anza na kutembea peke yake, kuruka kamba kusubiri. Kifua kikibana au kizunguzungu kikija, simama, na ukamuone daktari.

## Hatua ya 8: Usingizi ni sehemu ya mpango

Masaa 7. Ukilala manne siku tatu mfululizo mwili unatoa zaidi ile homoni ya njaa na unapunguza ile ya shibe, kesho yake unatamani vitu vitamu na vya mafuta na unadhani ni ulafi. Kama usiku umevunjika kwa asaimenti, tafuta dakika 20 za kulala baada ya Adhuhuri. Simu ilale mbali na kitanda, nasema hivi nkijua ni gumu.

## Hatua ya 9: Ramadhani

Wengi wananenepa mwezi huu na wanastaajabu. Ukiangalia futari yetu utaona muhogo wa nazi, majimbi, ndizi, viazi vitamu, tambi za sukari, mkate wa kumimina, uji, yote ni wanga na yote iko kwenye mkeka mmoja. Chagua mmoja au mbili, sio yote. Fungua kwa tende tatu na maji, kasali Magharibi, ukirudi njaa ya kwanza imetulia, hapo ndipo ule samaki, mboga na ngumi moja ya ule muhogo unaoupenda. Daku usiliruke, na ndani yake pawe na yai au maharage, maana wali mtupu wa daku unakuacha saa 4 asubuhi. Maji yagawe, vikombe kadhaa kati ya Magharibi na daku, usiyanywe yote dakika ya mwisho.

Wale wanaofunga Jumatatu na Alhamisi mpango ni huo huo. Funga kwa ibada, na ukifuturu kula sahani ya kawaida, siku ya funga haikupi ruhusa ya sahani mbili.

## Kuhusu chai na vidonge

Nimeahidi nitaeleza. Chai nyingi za kupunguza tumbo zinafanya kazi kwa kuharisha. Kilo zinashuka kwa sababu maji yametoka, pamoja na chumvi ambazo moyo unazihitaji kupiga vizuri, na ukinywa maji kilo zinarudi. Vidonge ni hatari zaidi. Kuna dawa inaitwa sibutramine iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya matatizo ya moyo na mishipa, na mpaka leo inakutwa imefichwa ndani ya bidhaa zinazoandikwa "asili tupu". Bidhaa yoyote unayouziwa kwenye simu bila ya kusajiliwa na Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar usiitie mdomoni, hata kama aliekuuzia ni rafiki yako na yeye amepungua.

## Hatua ya 10: Pima tena, na ufanye nini kilo zikigoma

Pima mara moja kwa wiki, siku ile ile, mizani ile ile. Kila siku usipime, uzito unaweza kupanda na kushuka kilo moja au mbili kwa maji na chumvi peke yake, na kwa wanawake siku za karibu na hedhi unapanda bila ya mafuta kuongezeka. Kiuno pima kila wiki mbili. Kiuno kikishuka na kilo zimesimama, unapungua, endelea.

Vyote viwili vikisimama wiki tatu, usikate chakula ovyo. Rudi hatua ya 2, andika siku nne tena. Mara nyingi utakuta sukari ya chai imerudi kijiko kijiko au ngumi ya wali imekuwa sahani. Rekebisha kimoja tu, subiri wiki mbili, angalia.

Simama na umuone daktari ukiona hedhi imekatika, nywele zinatoka kwa wingi, kizunguzungu kila ukisimama, moyo unakwenda mbio umekaa, au unashuka zaidi ya kilo moja kila wiki mwezi mzima.

Ukifika lengo la kwanza, kaa hapo hapo mwezi mmoja au miwili bila kupunguza zaidi, sala zile zile, mfuko ule ule, unaongeza nusu ngumi ya wali mchana. Mwili unauzoea uzito mpya, na wewe unazoea kuishi nao. Kisha chukua daftari, ukurasa mpya, namba tatu za hatua ya 1.